Ukurasa, Chapisho au Aina Maalumu? Ulinganisho wa Njia za Kuingiza Maudhui katika Mfumo wa Tovuti

Mifumo ya kusimamia maudhui, yaani programu za kuendeshea tovuti, iwe WordPress, Drupal au Joomla, humpa mhariri njia kadhaa za kuingiza kitu kilekile, na nyingi kati yake huanzia kwenye kisanduku kinachofanana cha kuandikia. Tangazo la nafasi ya kazi linaweza kuwa chapisho, ukurasa, faili la PDF, picha ya bango au rekodi yenye sehemu zake za kujaza, na siku ya kwanza msomaji hataona tofauti kubwa kati ya hizo tano. Tofauti hujitokeza baadaye: muda wa tangazo unapopita na hakuna anayekumbuka kuliondoa, matangazo yanapofika mia moja na mtu akataka kuyapanga kwa tarehe ya mwisho ya kutuma maombi, au msomaji anapolifungua kwenye simu yenye skrini ndogo akashindwa kulisoma.

Ndiyo maana ulinganisho huu hauangalii sana mwonekano, kwa sababu mwonekano hubadilishwa kwa urahisi. Kigezo chake ni maisha ya maudhui baada ya kuchapishwa, na maisha hayo hupimwa kwa maswali matatu. Je, kitu hiki kitapitwa na wakati? Je, vipo, au vitakuwepo, vingine vingi vya aina yake? Je, kitahitajika kuonekana mahali zaidi ya pamoja? Swali la tatu ndilo linalosahaulika zaidi, na ndilo linaloamua mengi.

## Chapisho na ukurasa

WordPress ilipotolewa mara ya kwanza mwaka 2003 ilikuwa na machapisho tu, na kurasa ziliongezwa katika toleo la 1.5 mwaka 2005, watu walipoanza kuitumia kwa tovuti za kawaida. Historia hiyo fupi inaeleza tofauti iliyopo hadi leo. Chapisho limefungwa kwenye tarehe: jipya hukaa juu ya la zamani, huingia kwenye kategoria na kupewa lebo, na husambazwa kupitia mlisho ambao programu nyingine zinaweza kuusoma. Ukurasa hautegemei tarehe, hauingii kwenye mlisho, hauna kategoria wala lebo kama haujaongezewa kwa makusudi, lakini unaweza kuwekwa chini ya ukurasa mwingine, hivyo kurasa zikafuatana kwa ngazi.

Kwa sehemu kubwa uchaguzi hapa ni mwepesi. Historia ya taasisi, anwani za mawasiliano, sera ya faragha na maelezo ya huduma ni kurasa. Habari, taarifa kwa umma na makala za mara kwa mara ni machapisho. Ugumu huja kwa miongozo, yaani maandishi marefu yanayoeleza jinsi ya kufanya jambo fulani, ambayo hayapitwi na wakati haraka lakini huongezeka kadiri miaka inavyokwenda. Miongozo mitano inaweza kukaa kama kurasa bila shida. Miongozo hamsini iliyowekwa kama kurasa huwa mzigo, kwa sababu hakuna kinachoikusanya pamoja isipokuwa ngazi za ukurasa mzazi na ukurasa mtoto, na mwongozo mmoja unaohusu mada mbili hauwezi kuwa chini ya wazazi wawili. Chapisho moja, kinyume chake, linaweza kuingia kategoria mbili bila kunakiliwa. Kwa maoni yangu, miongozo inayotarajiwa kuzidi kumi na kitu iwekwe kama machapisho, na tarehe ya marekebisho ya mwisho ionyeshwe waziwazi juu ya kila mmoja; kuficha tarehe ili maandishi ya zamani yaonekane mapya ni hila inayomwacha msomaji bila njia ya kujua kama anachosoma bado ni sahihi.

Ndani ya hifadhidata ya WordPress, machapisho na kurasa hukaa katika jedwali moja, na kinachozitofautisha ni thamani ya safu moja tu. Jambo hili huwafanya wengi waamini kwamba kosa la mwanzo litarekebishwa kwa dakika chache. Kubadili thamani ile ni rahisi kweli, ila anwani ya ukurasa hubadilika pia katika mipangilio mingi, na viungo vyote vilivyokwisha kusambazwa kwa barua pepe, kwenye mitandao ya kijamii na kwenye tovuti za watu wengine vinaweza kubaki vikielekea pasipo na kitu hadi mtu aweke uelekezaji upya, unaompeleka msomaji kwenye anwani mpya, kwa kila kimoja.

Joomla hufuata mantiki tofauti, na anayetoka WordPress huhangaika nayo mwanzoni. Humo kuna kitu kimoja kikuu, makala, na kila makala huwekwa katika kategoria moja. Kama makala itaonekana kama ukurasa unaojitegemea au kama habari moja kati ya nyingi huamuliwa na kipengele cha menyu kinachoielekezea: kipengele kimoja huonyesha makala moja peke yake, kingine huonyesha orodha ya kategoria nzima. Mhariri mgeni huandika makala, huihifadhi, kisha haioni popote, kwa kuwa hakuna kipengele cha menyu kinachoifikia wala kategoria yake. Drupal, kwa upande wake, katika usakinishaji wake wa kawaida imezoeleka kuja na aina mbili zilizokwisha tengenezwa, makala na ukurasa wa msingi, lakini tofauti kati ya hizo mbili ni mipangilio tu. Makala ina picha, lebo na nafasi ya kutangazwa kwenye ukurasa wa mbele. Ukurasa wa msingi hauna. Msimamizi anaweza kufuta zote mbili na kujitengenezea nyingine, na huo ndio mlango wa kuingilia kwenye suala zito zaidi.

## Maandishi huru na aina maalumu yenye sehemu za kujaza

Tuchukue chuo chenye kozi sitini. Kila kozi ina jina, muda, ada, tarehe ya kuanza, sifa za kujiunga na jina la mkufunzi. Njia ya kwanza ni kuandika ukurasa mmoja mrefu, au kurasa sitini, kwa maandishi huru. Njia ya pili ni kutengeneza aina maalumu ya maudhui inayoitwa kozi, yenye sehemu sita za kujaza, ili mhariri asiandike chochote nje ya sehemu hizo isipokuwa maelezo mafupi.

Njia ya kwanza hushinda katika wiki ya kwanza. Haihitaji maandalizi, haihitaji fundi, na mhariri hupanga maneno apendavyo. Gharama yake huonekana pale ada inapobadilika. Ada hiyohiyo imeandikwa kwenye ukurasa wa kozi, kwenye orodha ya kozi zote, kwenye tangazo la udahili na pengine kwenye ukurasa wa mbele, na kila mahali iliandikwa na mtu tofauti kwa mtindo tofauti. Mahali pamoja patasahauliwa. Zaidi ya hapo, mfumo haujui kwamba tarakimu zile ni ada wala kwamba maneno yale ni tarehe. Kwake yote ni herufi ndani ya aya. Hauwezi kuonyesha kozi tatu zinazoanza karibuni, hauwezi kumruhusu msomaji achuje kozi kwa muda wake, na programu ya simu ikitaka kuchukua orodha ya kozi haitapata cha kushika.

Njia ya pili hugeuza mambo hayo yote. Ada huandikwa mara moja, na kila mahali inapoonekana huchukuliwa kutoka kwenye chanzo kilekile. Orodha hujipanga yenyewe kwa tarehe. Kozi iliyokwisha kuanza inaweza kutoweka kwenye ukurasa wa mbele bila mtu kuiondoa. Lakini njia hii ina bei, na wanaoisifu mara nyingi huipitia haraka. Inataka mtu akae kabla ya kuanza na kuamua sehemu zipi zihitajike, zipi ziwe za lazima, zipi zikubali thamani zaidi ya moja. Inataka kiolezo cha kuonyesha matokeo. Inawabana wahariri, na kozi moja isiyofanana na nyingine, kwa mfano inayoendeshwa kwa awamu mbili zenye ada mbili, hukosa mahali pa kukaa. Na sehemu zikizidi, wahariri huziacha tupu. Fomu yenye sehemu ishirini na tano hujazwa kikamilifu na yule aliyeibuni, kwa rekodi mbili za kwanza.

Hapa ndipo mifumo mitatu inapoachana kwa kweli. Katika Drupal, sehemu za kujaza ziliingizwa kwenye kiini cha mfumo, yaani programu ya msingi bila nyongeza, tangu toleo la 7, lililotoka Januari 2011, baada ya miaka kadhaa ya kutegemea moduli ya ziada. Na zana ya kutengeneza orodha zinazochujwa na kupangwa, Views, iliingizwa kwenye kiini katika toleo la 8 la Novemba 2015. Msimamizi hutengeneza aina mpya, huongeza sehemu zake na kuunda orodha bila kuandika msimbo. Kila sehemu hupata jedwali lake kwenye hifadhidata, ikiwa na umbo linaloendana na kilichomo, nambari kama nambari na tarehe kama tarehe. Ikiwa kazi kubwa ya tovuti ni rekodi za aina nyingi zinazohusiana, Drupal ndiyo inayofaa zaidi kati ya hizi tatu, ingawa kujifunza kuisimamia huchukua muda mrefu zaidi.

WordPress ilianza kuruhusu aina maalumu kwa ukamilifu katika toleo la 3.0 la mwaka 2010. Aina yenyewe husajiliwa kwa mistari michache ya msimbo au kwa programu-jalizi, yaani programu ndogo inayouongezea mfumo uwezo. Sehemu za kujaza ni hadithi nyingine: kiini cha mfumo kina mahali pa kuhifadhi thamani hizo, lakini fomu nzuri ya kuzijaza kwa kawaida hutoka kwenye programu-jalizi. Utegemezi huo si jambo la kinadharia. Oktoba 2024, katikati ya mgogoro kati ya uongozi wa WordPress na kampuni ya WP Engine, toleo la programu-jalizi maarufu ya kampuni hiyo ya kutengenezea sehemu za kujaza, Advanced Custom Fields, lililokuwa kwenye hazina ya WordPress.org lilichukuliwa na wasimamizi wa hazina hiyo na kupewa jina jipya, Secure Custom Fields, na wenye tovuti walijikuta wakilazimika kuamua wafuate tawi lipi kwa kitu kilichobeba muundo wa maudhui yao yote. Jambo la pili la kuangalia ni namna ya uhifadhi. Thamani zote za sehemu hizo huingia katika jedwali moja la jozi za jina na thamani, zikiwa zimehifadhiwa kama maandishi marefu, hata zikiwa nambari au tarehe. Kwa kozi sitini hakuna atakayehisi. Kwa rekodi makumi ya maelfu zinazochujwa kwa vigezo vinne kwa pamoja, kasi ya kurasa hushuka.

Kuna tahadhari moja ya WordPress ambayo ingestahili kuandikwa kwa wino mwekundu. Aina maalumu ikisajiliwa ndani ya mandhari ya tovuti, yaani kifurushi kinachoamua mwonekano wake, siku mandhari hiyo itakapobadilishwa aina nzima itatoweka kwenye dashibodi, ukurasa wa usimamizi. Rekodi bado zimo kwenye hifadhidata, lakini mhariri anayefungua dashibodi asubuhi na kukuta kozi zote hazipo hana namna ya kulijua hilo. Usajili uwekwe kwenye programu-jalizi inayojitegemea, hata kama ni ndogo ya faili moja.

Joomla iko katikati. Sehemu maalumu ziliingia kwenye kiini chake katika toleo la 3.7 la Aprili 2017, na hufungwa kwenye makala kupitia kategoria, hivyo kozi huwa makala iliyowekwa kwenye kategoria ya kozi na ikapata sehemu za kozi. Mpango huu hutosha kwa aina mbili tatu za rekodi, lakini huchosha pale rekodi za aina moja zinapotakiwa kurejelea za aina nyingine.

Kanuni ninayoipendekeza ni hii: vitu vikiwa chini ya kumi, vikibadilika mara chache na kuonekana mahali pamoja tu, viandikwe kwenye ukurasa na watu waendelee na kazi nyingine. Vikizidi hapo, au kimoja kikihitajika kuonekana mahali pawili, aina maalumu italipa gharama yake hata kama wiki ya kwanza itachosha. Na sehemu zianze chache. Kuongeza sehemu baadaye ni rahisi kuliko kuzipunguza zikiwa tayari zimejazwa nusu.

## Bloku na vijenzi vya kurasa

Kwa yale yanayobaki kuwa maandishi huru, kuna uchaguzi mwingine ndani ya kisanduku chenyewe. WordPress 5.0, iliyotoka Desemba 2018, ilileta kihariri cha bloku, ambamo kila aya, picha, orodha au jedwali ni kipande kinachoweza kusogezwa na kupangwa peke yake. Kinachohifadhiwa ni HTML ya kawaida, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, iliyotiwa alama za kuonyesha bloku inaanzia na kuishia wapi. Alama hizo hazionekani kwa msomaji, na bila kihariri chenyewe maandishi hubaki yakisomeka. Vijenzi vya kurasa kutoka kwa wauzaji wengine hutoa uhuru mkubwa zaidi wa kupamba, lakini baadhi yao huhifadhi maudhui katika umbo lao wenyewe, na kijenzi kikizimwa ukurasa hujaa maneno yaliyozungukwa na mabano ya mraba. Kwa ukurasa wa kampeni utakaodumu mwezi mmoja, kijenzi hakina ubaya wowote. Kwa maktaba ya makala itakayodumu miaka kumi, ningekiepuka.

Kwa kuwa maandishi mengi hutoka kwenye programu za kuchakata maneno, yabandikwe bila mtindo, la sivyo ukubwa wa herufi na rangi za hati ya awali huingia pamoja nayo. Vichwa vidogo navyo vichaguliwe kama vichwa kwa ngazi zake, visitengenezwe kwa kukoza herufi, kwa sababu programu za kusoma skrini zinazotumiwa na wasioona huruka kutoka kichwa hadi kichwa, na herufi zilizokozwa haziwaambii kitu.

## Picha, na bango linalojifanya tangazo

Picha zina ulinganisho wa miundo ambao haupaswi kumchukulia mtu muda mrefu. JPEG inafaa picha za kamera. PNG inafaa michoro yenye mistari mikali au sehemu angavu zinazoonyesha kilicho nyuma yake. WebP hufanya kazi zote mbili kwa ukubwa mdogo wa faili na inakubaliwa na WordPress tangu toleo la 5.8 la mwaka 2021, na AVIF tangu toleo la 6.5 la mwaka 2024. SVG, muundo wa michoro iliyoandikwa kama msimbo, hukataliwa na WordPress kama haijaruhusiwa kwa makusudi, na kwa sababu ya maana: faili la aina hiyo linaweza kubeba msimbo unaotekelezwa ndani ya kivinjari. Mfumo wenyewe hutengeneza nakala za ukubwa mbalimbali ili simu isipakue picha ya kompyuta, na tangu toleo la 5.3 la mwaka 2019 picha inayozidi pikseli 2560 hupunguzwa hadi kipimo hicho kwa matumizi ya tovuti. Hata hivyo, kupunguza picha kabla ya kuipakia bado ni busara, kwa kuwa faili la asili hubaki kwenye seva na kula nafasi.

Linalostahili muda zaidi ni maandishi mbadala, yaani sentensi fupi inayoeleza picha kwa asiyeiona. Picha yenye taarifa ielezwe. Picha ya pambo tu iachiwe nafasi tupu, ili kisoma skrini kiiruke. Hapa swali la tatu, la kitu kuonekana mahali zaidi ya pamoja, linarudi. Katika WordPress, maandishi mbadala hunakiliwa ndani ya chapisho picha inapoingizwa, hivyo kuyarekebisha baadaye kwenye maktaba ya midia hakubadilishi machapisho ya zamani. Katika Drupal, inayochukulia midia kama rekodi inayojitegemea tangu ilipoingizwa kwenye kiini katika toleo la 8.4 la mwaka 2017, picha iliyopachikwa kutoka maktaba hubaki ikirejelea chanzo kimoja, na rekebisho moja huweza kufika kila mahali. Tovuti inayotumia tena picha zilezile mwaka hadi mwaka itaihisi tofauti hiyo.

Bango ni jambo jingine. Taasisi nyingi huandaa tangazo kama picha ya kusambaza kwenye simu, kisha huipakia picha hiyohiyo kwenye tovuti na kuhesabu kwamba limetangazwa. Injini za utafutaji haziyategemei maneno yaliyo ndani ya picha kama zinavyotegemea maandishi, msomaji hawezi kunakili nambari ya simu wala kubofya anwani iliyoandikwa, na kwenye skrini ndogo herufi za chini hazisomeki. Bango si mbadala wa maandishi. Maandishi yaandikwe kwanza kama chapisho au rekodi ya tukio, yakiwa na tarehe, mahali na kiungo, kisha bango liwekwe kama picha kuu ya chapisho hilo. Kazi ya ziada ni aya moja.

## Video na sauti

Video inaweza kupakiwa kwenye seva ya tovuti au kupachikwa kutoka huduma kama YouTube au Vimeo. WordPress imekuwa ikipachika kwa kubandika tu anwani ya video tangu toleo la 2.9 la mwaka 2009, na huduma hizo hufanya kazi nzito ambayo seva ya kawaida haifanyi: huandaa video katika viwango kadhaa vya ubora na kubadilisha kiwango kulingana na kasi ya intaneti ya mtazamaji. Video iliyopakiwa moja kwa moja huwa na kiwango kimoja, na mwenye intaneti dhaifu husubiri. Isitoshe, PHP, lugha inayoendesha mifumo yote mitatu, kwa chaguo lake la msingi hukubali faili lisilozidi megabaiti 2, na ingawa watoa huduma wengi huongeza kikomo hicho, mhariri anayepata ujumbe wa hitilafu mara nyingi huwa amekutana nacho.

Kupachika kuna bei yake pia. Huduma ya nje huweka vidakuzi, yaani faili ndogo za kumtambua na kumfuatilia, kwenye kivinjari cha mtazamaji, inaweza kuonyesha matangazo au kupendekeza video zisizohusiana, na video ikifutwa huko, kwenye tovuti hubaki kisanduku kitupu. YouTube ina anwani maalumu ya kupachikia inayopunguza ufuatiliaji, na wenye kujali faragha ya wasomaji wao wanapaswa kuitumia. Kwa ujumla ningepachika kila video ya umma inayozidi dakika moja, na kupakia kwenye seva vipande vifupi vya kuonyesha hatua fulani. Video za ndani, zisizotakiwa kuonekana na watu wa nje, hazifai njia yoyote kati ya hizo bila ulinzi wa ziada, kwa sababu faili lililopakiwa kwenye maktaba ya midia kwa kawaida hufunguliwa na yeyote mwenye anwani yake, hata kama chapisho lenyewe limefungwa kwa nywila.

Sauti haina utata huo. Saa nzima ya mazungumzo kwa kilobiti 64 kwa sekunde ni karibu megabaiti 29, ambazo seva ya kawaida hubeba bila kulalamika.

## PDF na ukurasa wa wavuti

Muundo wa PDF ulitolewa na Adobe mwaka 1993 ili hati ionekane vilevile kwenye kila mashine, na mwaka 2008 ukawa kiwango cha kimataifa. Nguvu yake ndiyo udhaifu wake kwenye tovuti. Ukurasa wa A4 hubaki A4 hata kwenye simu, na msomaji hulazimika kukuza herufi na kusogeza kushoto na kulia kwa kila mstari. Serikali ya Uingereza ilieleza hadharani mwaka 2018 kwa nini maudhui ya tovuti yake ya GOV.UK yanapaswa kuchapishwa kama HTML badala ya PDF, na sababu zake zilikuwa za aina hiihii: hati hazijipangi upya kwa skrini, ni ngumu kuzifanyia marekebisho, na nyingi hazisomeki vizuri kwa visoma skrini.

Kuna sababu nyingine ya kiutendaji ambayo huumiza kimyakimya. Mwongozo wa mwaka huu ukipakiwa kwenye WordPress kwa jina lilelile la faili la mwaka jana, mfumo hauondoi la zamani. Huliongezea jipya nambari mwishoni mwa jina na kuyahifadhi yote mawili. Kiungo kilichosambazwa mwaka jana huendelea kufungua mwongozo wa mwaka jana, na injini ya utafutaji huendelea kuuonyesha. Drupal nayo hubadilisha jina la faili jipya kwa namna inayofanana. Ukurasa hauna tatizo hilo, kwa kuwa hurekebishwa mahali pale ulipo na anwani yake haibadiliki.

Hati za kuchapisha kwenye karatasi, fomu za kutiwa saini kwa kalamu, na nyaraka ambazo kisheria lazima zibaki katika umbo lake la awali ni kazi halali za PDF. Nje ya hapo, maandishi makuu yawe kwenye ukurasa, na PDF iwe nakala ya kupakua, ikitajwa ukubwa wake kando ya kiungo ili msomaji anayelipia data aamue mwenyewe. Ripoti ya kurasa mia mbili haitageuzwa yote, na si lazima. Muhtasari wake na majedwali yake makuu yatatosha kuwa ukurasa unaopatikana kwa utafutaji.

## Kabla ya kuingiza rekodi zote

Aina ikishachaguliwa, ziingizwe kwanza rekodi tatu tu, na zichaguliwe zile zenye matatizo: kozi yenye jina refu kuliko zote, kozi ambayo tarehe yake haijapangwa, na ile yenye wakufunzi wawili. Zifunguliwe kwenye simu, zitazamwe kwenye orodha na kwenye ukurasa wa mbele, kisha aombwe mhariri ambaye hakushiriki kubuni fomu aingize ya nne bila maelekezo. Mahali atakapouliza swali ndipo sehemu inapohitaji jina jingine, au kuondolewa kabisa, na mabadiliko hayo yafanywe wakati huo, rekodi zikiwa bado nne.